Ngozi ya Fisi Katika Ghala la Karanga

Mwezi uliopita nilishuka Shinyanga kwa harusi ya mjukuu wa dada yangu, na badala ya kukaa kwenye kiti nilichopewa, nikaenda kuzurura. Nikapita nyuma ya stesheni, kwenye maduka ya zamani, nikasimama mbele ya jengo linalouza mabati na saruji. Kijana wa dukani akatoka. "Shikamoo bibi. Nikusaidie nini?" Nikamwambia marahaba, mwanangu, nanusa tu. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye mabati yake. Lakini nakuapia, rafiki yangu, chini ya ile saruji bado palikuwa na harufu ya karanga mbichi na ngozi za ng'ombe, nami nikajisikia raha na chuki kwa pamoja. Hapo ndipo tulipomvalisha mwalimu ngozi ya fisi.

Watu husema kusahau ni dawa. Mimi dawa hiyo sijaionja, wala sijawahi kuitafuta.

Nilikuwa mtoto katika miaka ile reli ilipokuwa bado mpya kwetu, na wanaume wengi wakienda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Baba alikwenda, mama akamfuata, nami nikaachwa kwa bibi, mama yake baba. Sikulia sana. Kwa bibi kazi zilikuwa nyingi mno, hata mtu hapati nafasi ya kulia. Asubuhi nilifagia zizi, kisha nikaenda kuchota maji kwenye visima vya mchanga mtoni, nikirudi namkuta bibi ameshakaa na kisu na rundo la viazi. Tulivimenya, tukavikata vipande vyembamba, tukavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikawa michembe mikavu ya kuwekwa akiba. Mwamba ule ulikuwa ukiunguza nyayo, na bibi alinicheka nilipokuwa nikirukaruka. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, au maziwa mgando kama ng'ombe walikuwa na hisani. Baada ya hapo watoto wa jirani walianza kuingia uani mmoja mmoja, bila kuitwa, maana ilikuwa saa ya hadithi.

Kwetu hadithi haikusimuliwa mchana. Ukisimulia jua likiwaka, ng'ombe walioko malishoni husikia, wakageuza njia wasirudi zizini. Tena hadithi ikishaanzwa haiachwi katikati. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kuhesabu vidole vyetu.

Bibi alikuwa na hadithi nyingi, lakini moja ilikuwa yake hasa, aliyoitunga mwenyewe akiwa msichana, na wanakijiji wote walijua ni yake kama walivyojua jembe lake. Ilikuwa ya kuimbwa na kuchezwa, si ya kukaa tu na kusikiliza. Fisi mmoja alimsikia binti akiimba huku akitwanga mtama, akautamani wimbo ule, akaumeza. Binti akabaki bubu. Fisi akaenda kijiji hadi kijiji akiuimba, akipewa nyama na sifa, na yule binti bubu akimfuata nyuma. Kwa kuwa binti hakuweza kusema, sisi wasikilizaji ndio tuliomsemea:

Fisi, fisi, nani kakufunza wimbo?

Na fisi hujibu, "Kanifunza upepo." Kijiji kingine, "Kanifunza mto." Kingine, "Kanifunza jiwe." Bibi alikuwa ndiye fisi. Alijifunika ngozi ya fisi halisi, iliyoliwa na nondo upande mmoja, akachechemea uani hadi watoto wadogo wakajificha migongoni mwa dada zao. Mimi nilikuwa binti bubu. Sikuwa na neno hata moja la kusema, lakini bibi alisema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kusimama mbele ya mwongo na kumtazama tu. Mwisho wa hadithi aliutoa mara moja kwa mwaka, siku ya kumaliza kupura mtama, na siku hiyo hata watu wazima walikuja.

Ndipo akaja mwalimu wa shule yetu. Alitokea upande wa Tabora, kijana, kaptula yake nyeupe imepigwa pasi, ana sauti ambayo hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema ilikuwa mbaya. Alikuja uani kwetu kwa adabu. Alimpigia bibi magoti kama mtoto wa Kisukuma, akajifunza kutusalimia mwangaluka, akatafuna michembe yetu na karanga na kuisifu. Bibi alimpa kigoda cha baba. Wote tulipouliza fisi, fisi, sauti yake ilipita juu ya zetu, na bibi chini ya ile ngozi alikuwa akitabasamu, nilimwona. Alikuwa na sikio la ajabu huyo bwana, wimbo akiusikia mara moja haumtoki.

Siku moja akasema Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mtemi watatembelea shule, na angependa watoto wacheze ile hadithi.

"Mchana?" bibi akauliza.

"Wageni wanakuja mchana, bibi."

"Basi haiwezekani. Walete jioni hapa, nitaicheza mwenyewe."

Mwalimu akacheka kidogo. "Hizo ni imani za zamani. Huu ni mchezo tu."

"Ng'ombe wa watu si mchezo," bibi akasema.

"Nimesikia, bibi," akajibu, akainamisha kichwa. Kesho yake shuleni akatuambia bibi amekubali.

Nilimwamini. Tulifanya mazoezi, nami nikawa binti. Akanivuta pembeni nimwambie hadithi inaishaje, maana yeye hajawahi kukuta siku ya kupura. Sijui ni kitu gani kilinishika. Nikamwambia nimesahau. Siku ya wageni ilipofika nikamkuta binti wa karani wa baraza amesimama mahali pangu, amevaa gauni la maua na viatu. Mimi nikapelekwa nyuma ya mkeka nitwange kinu, nisionekane.

Bibi alikuwa shambani. Akasikia wimbo wake mwenyewe unapigwa saa sita mchana, akaja mbio na jembe mkononi, miguu imejaa udongo. Niliona kichwa chake juu ya ua wa miti. Askari akamsukuma nyuma, "We mama, hapa ni pa wageni." Naye akasimama hapo hapo, akatazama mpaka mwisho, ambao haukuwa mwisho wake. Mwalimu alikuwa amebandika wimbo wa kuishukuru serikali. Wageni wakapiga makofi. Mtemi akafurahi, akauliza nani ametunga kitu kizuri namna hii.

"Ni mimi, mtemi," mwalimu akasema. "Imetoka kichwani mwangu."

Kati ya hadithi zote za Usukuma, huyu mtu aliiba ile ya fisi mwizi wa wimbo. Mpaka leo najiuliza kama aliielewa. Mtemi akamzawadia ng'ombe dume mwekundu, na bibi akarudi shambani kumalizia tuta lake. Usiku ule hakula. Mimi ndiye niliyelia, yeye hakulia, na nikamwambia nataka mwalimu afe. Akanijibu, "Akifa atasahauliwa. Mimi sitaki asahauliwe."

Juma lile lile ng'ombe wakapotea. Kwanza wa jirani mmoja, halafu wa mwingine, halafu kundi zima la mtemi lililokuwa likichungwa kuelekea porini. Wenye mali wakaja uani kwetu wamekunja nyuso, kwa sababu mkosi wa hadithi ya mchana humwangukia mwenye hadithi. Bibi aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mmepotea njia," akasema kwa upole. "Mwenye hadithi ni mwalimu. Kasema mwenyewe, mbele ya mtemi na mbele ya Mzungu. Nendeni kwake."

Wakaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile bibi akatia michembe mdomoni.

Mwalimu aliwaambia huo ni ujinga, ng'ombe wanapotea kila kiangazi. Wakawatoa watoto shuleni. Karani akamtoa hata binti yake. Mwishowe mtemi mwenyewe akamwita: hadithi uliyoifungua mchana, uifunge, kama desturi inavyotaka. Ichezwe yote tangu mwanzo hadi mwisho wake wa kweli, na kwa kuwa kosa lilikuwa la mchana, ifungwe mchana, ila gizani, jua lisiione. Hapo ndipo mwalimu alipokwama, maana mwisho hakuwa nao.

Akaja kwetu jua likizama. Alipiga magoti tena, lakini safari hii kaptula yake haikuwa na pasi.

"Bibi, nisaidie. Niambie tu inaishaje."

Bibi alikuwa akipepeta mtama, hakuacha. "Sitakuambia. Nitakuja kuicheza."

"Utanisaidia?"

"Nitaifunga. Wewe utakaa mbele, unione vizuri."

Akashukuru, akasema Mungu akubariki. Nilikaa karibu na moto nikamtazama akienda, nikajua haelewi kitu, na moyo wangu ulikuwa mtamu mpaka nikaogopa.

Mahali palipatikana kwa mama mmoja wa Kiislamu, mjane aliyekuja na biashara kutoka pwani, mwenye ghala la karanga na ngozi nyuma ya stesheni. Yeye na bibi walikuwa marafiki wa kupigana vijembe kila siku ya gulio. Alipoelezwa, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Za mwizi arobaini. Chukueni ghala." Tukasukuma magunia ukutani yawe viti. Tukaning'iniza ngozi za ng'ombe kwenye madirisha, tukaziba nyufa za mlango kwa matambara, mpaka adhuhuri ya Shinyanga, unayoijua ilivyo, ikafa kabisa mle ndani. Tukawasha vibatari vitatu tu. Ghala lilikuwa dogo, hata mtu akikohoa alikuwa sehemu ya mchezo. Joto, vumbi la karanga, harufu ya ngozi, na nyuso zinazong'aa jasho karibu kiasi cha kuzigusa. Nimeona kumbi kubwa baadaye, za mjini, zenye mapazia. Hakuna iliyonishika kama lile ghala.

Mtemi alikaa juu ya gunia kama wengine. Wenye ng'ombe waliopotea walijaa mlangoni. Mwalimu alikuwa mbele, kama alivyoambiwa.

Mjane alitwanga kinu, bibi akatoka gizani na ile ngozi yake iliyoliwa na nondo. Alikuwa mzee tayari, magoti yanamsumbua, lakini siku ile alichechemea kama fisi aliyeshiba. Alimeza wimbo wangu mbele ya macho yao. Nami nikanyamaza. Ghala zima likauliza, fisi, fisi, nani kakufunza wimbo? Upepo. Kijiji cha pili, mto. Watu wakaanza kufurahi, wakasahau hata ng'ombe, mtemi akawa anaimba kuliko wote, na hata mwalimu ile sauti yake ikamtoka. Cha tatu, jiwe.

Kwenye kijiji cha mwisho bibi alikatiza katikati ya watu, akasimama mbele ya mwalimu. Akaivua ngozi. Akamtandazia mabegani, taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Na kila mtu mle ndani alijua desturi: aliyefunikwa ngozi ndiye fisi, na fisi akiulizwa hana budi kujibu, vinginevyo hadithi haiendi mbele.

Wakamuuliza. Walimuuliza kwa nguvu hata vumbi likaanguka darini.

Alijaribu kucheka. "Kanifunza upepo," akasema, na wachache wakacheka naye. Wakamuuliza tena. "Mto." Hakuna aliyecheka. Akageuka kutazama mlango, lakini mlango ukifunguliwa jua lingeingia juu ya hadithi, na wale wanaume pale hawakuwa wanaume wa kusogea. Mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, wanangu wanakunywa maji badala ya maziwa. Jibu."

Mimi nilikuwa mbele yake, hatua moja. Nilimtazama kama nilivyofundishwa. Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya ile ngozi, na shati lake jeupe limegeuka rangi.

"Ni bibi huyu," akanong'ona.

Sikuwa na ruhusa ya kusema, lakini mikono nilikuwa nayo. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Bibi huyu ndiye aliyenifunza."

Nikaacha kiganja pale pale. Mtemi akainuka kwenye gunia lake. "Useme hadithi ni ya nani."

"Ni yake, mtemi. Yote ni yake. Mimi nimeiba."

Nilisikia watu wakishusha pumzi, na machozi ya mwalimu yakidondoka juu ya manyoya. Nami, rafiki yangu, nikaweka kiganja nyuma ya sikio tena. Nilitaka aseme mpaka sauti ile nzuri imkauke. Bibi akanipiga mkono ukashuka, akachukua ngozi yake, akatuchezea mwisho wa hadithi, nami nikarudishiwa wimbo wangu nikauimba. Tulipofungua mlango jua lilitupofua wote. Ng'ombe wengine walirudi, wengine nadhani waliliwa na simba. Hilo sikulifuatilia.

Nilidhani tumemaliza naye. Siku iliyofuata nikamkuta uani kwetu, kwenye kigoda cha baba, na bibi akimfundisha mwisho wa hadithi, ubeti kwa ubeti.

"Bibi," nikasema alipoondoka, "kwa nini?"

"Amejibu," akasema. "Fisi akijibu, wimbo haumkabi tena. Ila nimempa sharti. Kila atakapoianza, popote, watu wamuulize kwanza nani kamfunza, naye anitaje. Na si yeye tu. Yeyote atakayeisimulia, hata wewe."

"Mimi sitaisimulia," nikamwambia. "Sitaiimba kabisa huyo mtu akiwa hai."

Bibi akachukua kisu chake. "Shauri yako," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Na mimi ni mtu wa neno langu. Mwalimu alihamishiwa Geita, kwenye shule ya watoto wa wachimbaji. Baba na mama walirudi bila dhahabu. Bibi alifariki mvua zilipochelewa, tukamzika karibu na zizi, na nikaombwa niimbe wimbo wake pale kaburini nikakataa, kwa sababu mwalimu alikuwa bado anapumua. Nikaolewa, nikazaa, nikalaza watoto kwa hadithi za watu wengine.

Miaka mingi baadaye biashara ya samaki wakavu ilinipeleka Geita, nikasikia jioni moja mwalimu mzee anachezesha watoto kwenye banda la shule. Nilikwenda ili nimwaibishe. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikakaa nyuma kabisa, kwenye ubao. Banda lilikuwa dogo, lina kibatari, watoto wamebanana. Akatoka, mvi kichwa kizima, na watoto kabla hajafungua mdomo wakamuuliza, fisi, fisi, nani kakufunza wimbo? Akalitaja jina la bibi yangu. Jina lake lote, la kwake na la baba yake. Akasema, "Nami nilimwibia, akanisamehe." Watoto wakalirudia lile jina kwa pamoja, watoto wa Kizinza, wa Kisumbwa, watoto ambao hawajawahi kuiona Shinyanga.

Nilimchukia zaidi. Hata aibu yake alikuwa ameigeuza kuwa kitu cha kupendwa. Nikataka kuondoka, lakini walifika kwenye wimbo wa mwisho, ule anaorudishiwa binti, na hapo nikagundua jambo lililonikalisha chini. Nilikuwa siujui tena. Wimbo wangu mwenyewe. Kwa miaka yote ile ya kunyamaza, beti zilikuwa zimenitoka moja moja na mimi sikuwa na habari. Nikakaa gizani nikamsikiliza yule mzee niliyemchukia, midomo yangu ikimfuata, nikajifunza upya kutoka kinywani mwake. Kisha nikatoka kabla taa haijasogezwa, bila kumsalimia.

Alikufa muda si mrefu baadaye. Nilisafiri kwenda mazishini nione udongo unavyomfukia, na niliuona. Hakuna aliyeimba pale. Banda lilibomolewa, watoto wale wametawanyika kwenye machimbo, na sidhani kuna mtu mwingine leo anayelitaja jina la bibi yangu jioni yoyote, mahali popote.

Wajukuu zangu huniomba hadithi. Ile ninayo yote, tangu kumezwa kwa wimbo hadi kurudishwa, na ninavyozeeka natamani kuitoa. Lakini siwezi kuianza bila kuulizwa nani kanifunza, bibi aliweka hivyo, na jibu la kweli sasa lina majina mawili. La kwanza nalitaja hata usingizini. La pili nimejaribu, rafiki yangu, nimejaribu nikiwa peke yangu jikoni na mlango umefungwa. Halitoki.